Ritifaa na alama za kunukuu katika kompyuta

Ritifaa (’) ni alama ya uandishi inayofanana na mkato mdogo uliowekwa juu ya mstari. Alama za kunukuu (“ ”), zinazoitwa pia fungua na funga semi, huzingira maneno yaliyosemwa na mtu au yaliyotolewa katika maandishi mengine. Kibodi nyingi za kompyuta hazina vitufe vya alama hizo zilizopinda, zina alama zilizonyooka tu (' na ") zinazotumika badala yake.

== Ritifaa katika Kiswahili ==

Katika Kiswahili ritifaa ni sehemu ya tahajia. Huandikwa baada ya “ng” kuonyesha sauti inayoanza neno ng’ombe, ambayo ni tofauti na ile ya ngoma. Kuiacha kunaweza kubadili maana: “ng’oa” ni kutoa kitu kilichoshikamana, kama mzizi au jino, lakini “ngoa” ni wivu au tamaa.

Majina ya mahali nayo hutofautiana. Wilaya ya Ngorongoro, yenye kata kama Kakesio, huandikwa bila ritifaa. Mang’ola, kata ya wilaya jirani ya Karatu karibu na Ziwa Eyasi, huandikwa nayo.

Washairi huitumia pia kuonyesha silabi iliyoachwa kwa ajili ya mizani, kwa mfano “’mefika” badala ya “amefika”.

== Asili ya tatizo ==

Mashine za taipu zilikuwa na vitufe vichache, hivyo alama moja iliyonyooka ilitumika kufungua na kufunga. Kompyuta zilirithi desturi hiyo kupitia mfumo wa ASCII wa mwaka 1963. Unicode, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1991, iliipa kila alama namba yake: U+0027 ni ritifaa iliyonyooka na U+2019 ni iliyopinda.

Kwa macho zinakaribiana, lakini kwa kompyuta ni alama mbili tofauti. Programu isiyozilinganisha haitapata Mang’ola yenye alama moja ikiwa mtu ametafuta kwa nyingine. Vivyo hivyo, jina la mtu likiandikwa kwa namna mbili katika orodha linaweza kuhesabiwa kama la watu wawili.

== Jinsi ya kuandika ==

* Windows: shikilia Alt, kisha andika 0146 (’), 0147 (“) au 0148 (”) kwa vitufe vya namba vilivyo upande wa kulia wa kibodi.
* Mac, kwa kibodi ya Marekani: Option+Shift+] (’), Option+[ (“), Option+Shift+[ (”).
* Linux, katika programu nyingi: Ctrl+Shift+U, kisha 2019, 201C au 201D, halafu Enter.
* Simu: shikilia kitufe cha alama iliyonyooka hadi nyingine zitokee, kisha chagua.

== Makosa ya kawaida ==

Alama ` na ´ si ritifaa, ingawa huonekana mara nyingi katika maneno kama ng’ombe.

Programu kama Microsoft Word hupinda alama zenyewe. Katikati ya neno hupatia, lakini mwanzoni mwa neno huweka alama ya kufungua (‘). Ili kupata “’mefika”, kitufe hubonyezwa mara mbili, kisha alama ya kwanza hufutwa.

Katika msimbo wa programu za kompyuta, alama zilizonyooka ndizo sahihi. Zilizopinda kwa kawaida huleta hitilafu. Katika maandishi mengine, jambo muhimu ni kutumia aina moja tangu mwanzo hadi mwisho.