Je, Wajua? Santuri na Sakafu Inayotikisika

Mwaka 1950, Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alipofika Kapkatet, katika nchi ya chai ya Kericho, Kenya, kunasa nyimbo za Wakipsigis, aliimbiwa habari za Chemirocha, naye si mwingine ila Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933, ambaye sifa zake zilikuwa zimefika huko kwa santuri.

Gramafoni za zama zile, ambazo sindano zake zililemea sahani kwa uzito uliozidi gramu 100, hazikutaabishwa sana na nyayo za watu, hasa pale sakafu ilipokuwa udongo ulioshindiliwa. Lakini mtambo wa santuri wa leo, ambao sindano yake hulemea kwa gramu 2 hivi, ukiwekwa juu ya sakafu ya mbao iliyoinuliwa, hushtuka kwa kila hatua, kwani sindano haiwezi kupambanua mtikisiko wa mfuo na mtikisiko wa mguu.

Zulia halifui dafu hapa. Dawa iliyo thabiti ni rafu iliyokazwa kwenye ukuta wa mawe, ambao hauyumbi pamoja na mbao. Na asiyejaaliwa ukuta kama huo auweke mtambo pembeni mwa chumba, pale boriti zinapoegemea msingi, wala asiuweke meza moja na spika. Nami, kama chini ya sakafu pana nafasi, ningependelea kuliko yote nguzo fupi iliyosimamishwa juu ya jiwe, ikaishikilia boriti katikati, maana hiyo huuondoa mtikisiko katika asili yake.