Imekwisha, Haijaja, Haiuzwi Tena: Lugha ya Duka la Intaneti Lililoishiwa

Mwenye duka aulizwapo sukari naye hana, hajibu daima kwa neno moja. Akisema "Imekwisha", mnunuzi ajua kwamba ilikuwapo. Akisema "Haijaja", ajua kwamba yangojewa. Akisema "Hatuuzi tena", aenda zake. Duka la intaneti halina mtu wa kuulizwa mara ya pili. Kwa hiyo neno liandikwalo chini ya picha ya bidhaa hapana budi lichukue kazi yote ya mazungumzo hayo.

Neno nilionalo mara kwa mara ni "Haipatikani", ambalo simu zimetuzoesha. Neno hili lakana tu. Halisemi kama kitu kilikuwapo, wala kama kitarudi. Mimi mwenyewe nilipata kungoja kamusi majuma sita kwa ajili yake, kumbe chapa ile ilikuwa imekoma kuuzwa.

Wala haifai kuilaumu mashine. Msamiati wa Schema.org, ambao kwao maduka hueleza bidhaa zao kwa mitambo ya kutafutia, watenga bidhaa isiyomo ghalani, iliyouzwa yote, iliyoachwa kabisa, na ile iwezayo kuagizwa kabla haijafika. Tofauti zimo ndani. Ni mnunuzi tu asiyeambiwa.

Sarufi yetu yaweza kumwambia bila taabu. Kiambishi -ja- katika "haijafika" chabeba taraja, basi kitufe cha "Nijulishe ikifika" kina haki ya kukaa kando yake. Kando ya "Haiuzwi tena" kitufe hicho ni uongo. Hapo yafaa kuonyeshwa bidhaa iliyoshika nafasi yake, na ukurasa wenyewe usifutwe, maana wako watakaoufikia kwa anwani waliyoihifadhi zamani.

Taabu iko katika upatanisho. Programu hupachika jina la bidhaa mbele ya kitenzi kilichokwisha andikwa, ikatoa "Viatu imekwisha" na "Mkoba imekwisha". Wako wapendao ngeli iandikwe katika orodha ya ghala kwa kila kitu. Ni kazi njema, lakini naiona nzito kwa duka dogo. "Bidhaa hii imekwisha" yatosha, kwa kuwa kitenzi chapatana na "bidhaa", jina la kitu likabaki juu peke yake. Ila kwa viatu ujumbe huo ukae kwenye namba, si kwenye kiatu kizima: aliyekosa namba 42 asimfanye wa 41 aondoke mikono mitupu.