Mama hakurogwa, ni protini ubongoni

MAMA yangu alianza kuuza dagaa mpakani Manyovu tukiwa wakimbizi Kigoma. Tuliporejea Burundi mwaka 2008 aliendelea kuvuka. Kisha akaanza kudai fedha alizokwishalipwa, na siku moja akapotea njia ya Mugina aliyoipita miaka yote. Majirani wakasema amerogwa.

Daktari alituambia ni ugonjwa wa Alzheimer. Protini iitwayo beta-amiloidi huganda nje ya seli za ubongo. Nyingine, tau, hujisokota ndani yake, na seli hufa. Mabonge hayo huanza miaka mingi kabla ya dalili. Alois Alzheimer aliyaeleza Ujerumani mwaka 1906, baada ya kuchunguza ubongo wa mwanamke aliyefariki akiwa na miaka 55.

Dawa ya kuuponya hakuna. Siku za soko nafuatana naye. Yeye anapima dagaa, mimi nashika fedha.