Kimelea cha kipindupindu huhesabu wenzake kabla ya kuhama

Wauza samaki wa siku nyingi wa Ziwa Victoria wanaikumbuka Januari 1998, Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wabichi kutoka Kenya, Uganda, Tanzania na Msumbiji kwa sababu ya kipindupindu. Mwaka 2015 ugonjwa huo ulizuka Kagunga, mkoani Kigoma, miongoni mwa wakimbizi waliotoka Burundi. Kwa mfanyabiashara wa mpakani, kimelea hiki kinaweza kufunga soko bila yeye mwenyewe kuugua.

Kinachoshangaza ni jinsi kinavyojiongoza. Hakina ubongo, lakini kinatambua kama kiko peke yake au kundini. Kila kimoja hutoa kemikali. Vikiongezeka, nayo huongezeka.

Mwaka 2004 timu ya Bonnie Bassler wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, ilionyesha kuwa hesabu hiyo hutekelezwa na vipande vinne vifupi vya RNA, viitwavyo Qrr. Ili jeni ifanye kazi, bakteria hutoa nakala yake, na nakala ndiyo husomwa kutengeneza protini. Ni kama oda iliyoandikwa dukani ikapelekwa ghalani. Qrr, zikisaidiwa na protini iitwayo Hfq, huinasa oda ya protini moja, HapR, ikaharibiwa njiani. Jeni yenyewe haiguswi. Inayochanwa ni karatasi tu.

Kwa hiyo vimelea vikiwa vichache, HapR haipatikani, navyo hutengeneza sumu na kung'ang'ania utumbo. Vikijaa, Qrr hupungua, HapR hutengenezwa, sumu huzimwa, na vimelea hubanduka na kutoka na kinyesi. Yaani vinamhama mgonjwa vikiwa jeshi zima, kutafuta maji ya mtu mwingine.

Hapo ndipo ukaguzi wa mpakani unapozidiwa ujanja, kwani wengi walioambukizwa hawana dalili yoyote, ilhali wanaweza kutoa vimelea chooni kwa siku 1 hadi 10.

Mwaka 2007 maabara ya Bassler ilitambua kemikali mojawapo ya kuhesabiana, CAI-1, na kuonyesha kuwa inaweza kukizuia kimelea kutengeneza silaha zake. Ni wazo zuri: kukidanganya kwamba tayari viko vingi. Lakini duka la dawa la Kigoma au Busia halikuuzii hiyo. Linakuuzia dawa ya kutibu maji na pakiti za chumvichumvi za kurudisha maji mwilini, na hizo zote zinaenea kwenye mfuko wa safari.