Ini lenye mafuta si ushahidi wa ulevi

Kuanzia Kavimvira mpaka Makobola tumezoea jambo moja: mtu akiambiwa ini lake limeharibika, kanisani tunanong'ona kwamba anakunywa kanyanga kwa siri. Mgonjwa akiwa ndugu yetu Mutwa, hatunong'oni hata, tunasema wazi. Sisi wachungaji tumo.

Lakini kuna virusi vya hepatiti C. Vinapita kwa damu: sindano iliyotumiwa kwa watu wawili, wembe mmoja wa kuchanjia chale jamaa nzima, damu ya kuongezewa isiyopimwa. Havipiti kwa kula ugali sahani moja, wala kwa kikombe cha Meza ya Bwana. Hukaa ndani ya ini miaka mingi bila maumivu, na vyenyewe vinaweza kulizuia ini kutoa mafuta yake, yakajazana humo. Unene na kisukari huyaongeza. Pombe pia, ndiyo. Mafuta na virusi vikikutana, ini hupata makovu haraka zaidi.

Chanjo ya hepatiti C haipo. Iliyopo ni ya hepatiti B. Dawa zipo: vidonge vya wiki 12 kwa kawaida, na zaidi ya wagonjwa 95 kwa 100 hupona. Shida ni kupimwa, na bei. Hata virusi vikiisha, mafuta yaliyoletwa na unene hubaki, kwa hiyo daktari aendelee kumwangalia.

Mashemasi, mkimtembelea mgonjwa wa ini, msianze na habari za chupa. Mwulizeni kama amepimwa damu, na nauli ya kwenda hospitali ataitoa wapi.