Anaandikia Rafiki, Anasomwa na Mwajiri

Tunapowafundisha vijana kulinda jina lao mtandaoni, tumezoea kuwatisha: ukiposti upuuzi leo, kesho utakosa kazi. Onyo hilo ni la kweli. Mwaka 2013 huko Kent, Uingereza, binti wa miaka 17 aliyeteuliwa kamishna kijana wa polisi alijiuzulu kwa sababu ya maneno aliyoyaandika Twitter miaka michache nyuma. Mwaka 2017, Chuo Kikuu cha Harvard kiliwanyang'anya nafasi za kujiunga wanafunzi wasiopungua 10 kwa mizaha michafu waliyorushiana katika kundi la Facebook. Hata hivyo vitisho vimefanya kazi ndogo, kwa sababu kijana hakosi habari za hatari. Anazijua.

Mwaka 2005 wanasaikolojia Margo Gardner na Laurence Steinberg walichapisha utafiti wa watu 306 waliocheza mchezo wa kompyuta wa kuendesha gari. Taa inawaka njano. Mchezaji aamue kusimama, au aendelee kuvuna pointi akijua anaweza kugonga. Wenye miaka 13 hadi 16 waliocheza mbele ya wenzao walijihatarisha zaidi kuliko waliocheza peke yao, ilhali watu wazima hawakutofautiana sana. Hatari ilikuwa ileile, na maelekezo yaleyale. Kilichoongezeka ni macho ya wenzao. Sasa simu imeyaleta macho hayo hadi chumbani, saa tano usiku, pamoja na laiki zinazohesabika papo hapo.

Wapo wanaosema sheria itamaliza tatizo. Ni kweli kwamba Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 na ile ya Tanzania ya mwaka 2022 zinampa mtu haki ya kuomba taarifa zake zifutwe katika hali fulani, na haki hiyo inafaa kufundishwa. Lakini picha iliyokwisha kupigwa skrinshoti na kusambazwa WhatsApp haifuatiki. Wengine wanadai kwamba kuwafundisha vijana kupima nani atasoma ni kuwafundisha unafiki. Sikubali: kuchagua maneno kulingana na anayesikiliza ni adabu tunayowafunza watoto tangu wanapojifunza kuamkia. Hoja yenye uzito zaidi ni kwamba watu wazima nao wajifunze kusamehe ya utotoni, nami naiunga mkono kabisa. Ila msamaha wa mwajiri hauko mikononi mwa kijana.

Kilichoko mikononi mwake ni zile dakika chache kabla ya kubonyeza. Walimu, lifanyeni hilo kuwa zoezi la darasani: mwanafunzi aandike posti, ataje kwa majina watakaoisoma, kisha aiache hadi kesho yake aisome tena akiwa peke yake.