Mectizan haileti minyoo, inawaziba midomo

Kila Mectizan inapogawiwa vijijini mkoani Tshopo, Kongo, swali ni lilelile: mbona mtu aliyeamka mzima anameza vidonge asubuhi, na kesho yake anajikuna mwili mzima, uso umevimba? Jibu la mtaani hufika kabla ya lile la kituo cha afya: dawa imempandikizia minyoo. Muuzaji wa mizizi ya "kusafisha damu" hayuko mbali na chupa yake. Wengine humsingizia mchawi wa mto, ilhali kosa la maji ya kasi, yawe ya maporomoko ya Wagenia au ya mto Tshopo wenyewe, ni moja tu: usubi hukulia humo, na kwa kuuma hutuletea mnyoo Onchocerca volvulus. Wanaojikuna baada ya dawa walikuwa na minyoo tangu zamani. Kilichobadilika ni kwamba mwili wao sasa unaiona.

Mnyoo jike hukaa ndani ya vinundu chini ya ngozi miaka 10 hadi 15 akizaa vijinyoo, na ni hivyo vinavyozurura ngozini mpaka machoni. Ukiviweka maabara ndani ya ivermectin, dawa iliyomo katika Mectizan, kwa kiasi kile kinachopatikana katika damu ya aliyemeza, vinaendelea kuogelea bila wasiwasi. Ndani ya mtu, siku chache tu vingi vimetoweka. Basi kidonge hakiui peke yake. Minyoo ya jamii hii hutoa protini pamoja na vipovu vyenye utando, kipenyo chake kama sehemu moja ya elfu kumi ya milimita, na shehena yake hudhaniwa kuzilaza chembe za kinga za mwenyeji. Mwaka 2010 watafiti waliochunguza vijinyoo vya Brugia malayi, ndugu wa Onchocerca anayeleta matende, waliikuta milango ya kloridi ambayo ivermectin huifungua: iko kwenye misuli inayozunguka kifuko cha kutolea taka. Kloridi ikiingia, msuli unalegea, na protini zinazotoka zinapungua. Mwaka 2018, wenzao wa Iowa State University wakaonyesha kwamba vipovu navyo hupungua haraka, katika kila hatua ya maisha ya mnyoo waliyoipima. Kijinyoo kingali hai, ila hakina tena cha kuilaghai kinga. Kinashambuliwa, kinakufa, kinamwaga bakteria wa Wolbachia wanaoishi ndani yake, na hapo ndipo ngozi inapowaka.

Mtu atasema Brugia si mnyoo wetu. Ni kweli, lakini wa kwetu ni mgumu kufugwa maabara, kwa hiyo tunawauliza jamaa zake. C. elegans, mnyoo wa udongoni asiyemdhuru mtu, ametoa ushahidi mzito. Mwaka 2014 kundi la mtafiti Maureen Barr wa Chuo Kikuu cha Rutgers, Marekani, lilionyesha kuwa neva zake za hisia zenye vinyweleo hutoa vipovu nje ya mwili, na vipovu hivyo vikikusanywa na kuwekwa mbele ya dume, mwendo wake hubadilika. Kumbe ni ujumbe, si takataka. Tena, C. elegans aliyezaliwa na vinyweleo vibovu huistahimili ivermectin, kana kwamba dawa imekosa pa kuingilia. Hayo ni mambo mawili tofauti na hayathibitishi kila kitu kuhusu Onchocerca, lakini yamepimwa na kurudiwa. Anayeuza chupa ya "kupasua minyoo" aulizwe yake inapita wapi, na nani ameipima.

Mectizan haimuui Onchocerca jike. Inamzuia kuzaa kwa miezi kadhaa, kisha anaanza upya, ndiyo maana inamezwa kila mwaka. Kipimo hufuata urefu. Wasimeze watoto walio chini ya sentimita 90, wajawazito, mama aliyejifungua wiki hiyo, wala mgonjwa mahututi. Muwasho huisha baada ya siku chache. Jambo moja tu si la mzaha: katika misitu yetu kuna pia mnyoo Loa loa, yule anayeonekana akikatiza jichoni, na aliye naye kwa wingi mno katika damu anaweza kudhurika ubongo baada ya kumeza. Aliyewahi kumwona amwambie mgawaji kabla ya kupokea vidonge, na anayechanganyikiwa au kushindwa kusimama baada ya dawa apelekwe hospitali siku hiyohiyo, si kwa mwenye chupa.